Pazia la Mkwe

Kwetu mama hakai chumba kimoja na mwanaume anayetaka kumwoa binti yake. Hamtazami usoni, hali naye chakula, na wakikutana njiani mmoja wao hupinda. Si chuki, ni heshima. Nimewaona mama zangu wadogo wakiingia kwenye majani marefu na mizigo ya kuni kichwani kwa sababu tu mkwe ametokeza mbele. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba Jumamosi nitakwenda kukaa na mchumba wake ndani ya kibanda kisicho na dirisha, juu ya ziwa lililoganda, goti kwa goti, niliweka kisu na kitunguu mezani nikamgusa paji la uso nione kama ana homa.

"Mama, I'm serious," akasema. "Ulisema unataka umwone akifanya kazi ya mikono. Basi njoo umwone akipiga samaki mkuki."

Ni kweli nilisema. Mume wangu alifia kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla hatujaitwa kuja Amerika, na tangu hapo mkubwa wa ukoo ni kaka yake, shemeji yangu, aliyebaki kwetu, Uvira. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndoa za watoto wetu. Habari za huyu kijana zilipomfikia, mzungu, mzaliwa wa hapa hapa Minnesota, hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliuliza maswali machache kwenye simu, kisha akatoa hukumu.

"Bon, mke wetu. Huyu muzungu mimi simujui. Lakini mutu hajulikane kwa mudomo, anajulikana kwa kazi. Lazima mutu wetu aende amuone na macho. Kisha unipigie. Ukiniambia oui, ni oui. Ukiniambia non, ni non."

Hiyo ndiyo desturi ya ukoo wetu. Kabla mwanaume hajapewa mke, mtu wa upande wa baba humfuata shambani au ziwani au popote anapopatia chakula chake, akakaa naye siku nzima akimtazama. Kazi hiyo ni ya baba mdogo au kaka mkubwa. Mimi hapa sina baba mdogo wala kaka mkubwa. Nina binti, nina kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee, na nina nyumba ya kupanga hapa mtaa wa Phillips yenye jirani anayepika vitunguu saumu alfajiri.

Kazi ya huyo kijana nayo haikuwa ya kutazamwa. Anafanya mambo ya kompyuta, tena nyumbani kwake, kitongoji cha Woodbury. Siku moja binti yangu alinipitisha pale kwa gari, nikamwona kupitia dirishani, amekaa anaangalia kioo. Nikamwuliza binti yangu, sasa shemeji nimwambie nini, kwamba nimemwona mkwe akibonyeza? Ndipo akakumbuka samaki. Kumbe kila majira ya baridi, huyo mbonyezaji huenda ziwani na mkuki, kama baba yake na babu yake walivyofanya.

Niseme wazi kilichokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa natafuta sababu ya kusema non, hapana. Kijana alikuwa na adabu, sina la kumsingizia, lakini nilikuwa nimewaona wajukuu wa wenzangu kanisani. Unawasalimu kwa Kiswahili, wanakuelewa, wanakujibu kwa Kiingereza. Hao ni wale ambao baba na mama wote ni wetu. Sasa hawa wa kwangu je? Niliogopa kuzeeka kati ya watoto ambao wangenitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Binti yangu alijua. Usiku ule alikuja akakaa kitandani kwangu, akaniambia polepole, "Ukisema hapana, sitaolewa naye, mama. Nitakutii. Ila usiniletee mwingine, maana huyo mwingine sitamtaka." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikampigia shemeji kumwuliza. Nitaendaje kumtazama mkwe ndani ya kibanda, mimi mama? Alifikiri sana.

"Weye leo ni baba na mama pia," akasema. "Baba aende aone kazi. Mama ajifunike."

Basi nikabeba kitenge changu kikubwa, kile kizito cha maua ya manjano. Tutaning'iniza pazia katikati ya kibanda. Mimi upande huu, mkwe upande ule. Nitaona kazi, sitaona uso. Nilijiona nina akili kweli.

Alikuja kutuchukua asubuhi kwa pikapu yake. Binti yangu alikaa mbele naye. Mimi nilikaa nyuma, kofia ya koti nimeivuta hadi puani, uso dirishani. Nilidhani tukifika ziwani tutaegesha kando kama watu wenye akili. Hakuegesha. Gari lilishuka kutoka barabarani, likapita kwenye matete makavu, likaingia ziwani. Juu ya maji! Nilishika mkono wa mlango nikaanza kusali kwa Kibembe, maana mambo ya kufa siyasemi kwa lugha ya kujifunza. Binti yangu alikuwa anacheka. Nilipofungua macho nikaona magari mengine, vibanda, mbwa, mama mmoja mzungu amekaa kwenye kiti cha kukunja anakula chipsi. Mtaa mzima umehamia juu ya barafu na hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Kibanda chake kilikuwa cha mbao, kidogo kama choo cha kambini, na ndani kimepakwa rangi nyeusi kuta zote. Aliegesha gari mbali kidogo ili mngurumo usifukuze samaki. Kuzunguka kibanda alirundika theluji kwa koleo mpaka usawa wa magoti, mwanga usipenye chini. Kisha akafungua sakafu.

Nimezaliwa kando ya Tanganyika na sijawahi kuona maji namna ile. Alikuwa amekata barafu kwa msumeno, tundu la ukubwa wa meza ndogo, na mlango ulipofungwa giza likawa totoro juu, mwanga ukawa chini. Maji yaliwaka yenyewe, rangi ya kijani. Niliona majani yamesimama wima, niliona kokoto, niliona mpaka chini kabisa. Nilihisi tumesimama juu ya paa la nyumba ya watu na tunawachungulia. Usilolijua ni kama usiku wa giza, wanasema, lakini hili lilikuwa kinyume chake, giza lilikuwa upande wangu na huko nisikokujua ndiko kulikokuwa na mchana.

Kijana akatoa mfuko wa maharage meupe, akamwaga yote ndani ya maji. Maharage mazima, ya kuliwa.

"Anafanya nini huyu?" nikamwuliza binti yangu.

"Ili chini iwe nyeupe, mama. Samaki akipita juu yake anaonekana."

"Kuna watu hawajala."

"Mama."

Nililiweka akilini. Hilo la kwanza. La pili lilikuja nilipoanza kuning'iniza pazia. Kijana alimpa binti yangu nyundo na misumari ili anipe mimi, yeye akageukia ukuta kama mtoto anayecheza kujificha. Nilipanda juu ya ndoo nikapigilia msumari juu kabisa, karibu na paa, na hapo nikahisi upepo wa baridi kali kwenye vidole. Kulikuwa na tundu ukutani, mviringo, la kutosha ngumi. Nikajisemea, mwanaume gani huyu, ameweka jiko la gesi lipashe joto na ameacha tundu liingize baridi. Nikakunja kitenge mara mbili nikakipitisha pale pale juu yake, nikakikaza kwa msumari wa pili. Baridi ikakatika. Nilifurahi kabisa, nikamwona mzembe, na sababu zangu za kusema non zikawa mbili.

Binti yangu alitakiwa akae katikati awe msemaji wetu. Lakini pazia lilipokwisha kuwekwa hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Alisimama mlangoni kwa muda, na kila alipojisogeza mlango ulifunguka, mwanga ukaingia, maji yakazimika. Mwishowe akasema anaenda kukaa kwenye gari, atarudi na chai.

"Utaniacha na mkwe?"

"Kuna pazia, mama. It's fine. Ukitaka kitu piga kelele."

Akatoka, nami nikaufunga mlango kwa ndoano ili usifunguke tena. Nilifikiria kumfuata. Lakini nilikuwa nimetumwa kama baba, na baba hatoki nusu ya kazi. Nikakaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, kitenge mbele ya pua, miguu yangu huku, na tundu la maji kati yetu chini ya pindo.

Nilichoweza kuona ni hiki: nusu ya maji, ncha ya mkuki wake ulioegemezwa, wenye meno mengi kama reki, na samaki wa mti. Huyo samaki wa mti alikuwa chambo. Amechongwa, amepakwa rangi nyekundu na nyeupe, ana mapezi ya bati, na kijana alimning'iniza kwa uzi kutoka kijiti kidogo. Alipokichezesha kijiti, samaki alizunguka majini kama yu hai, akienda, akirudi, akipinda. Nilitazama mkono nisiouona ukifanya kazi kupitia yule samaki. Ulikuwa mkono mtulivu. Hilo sikuliweka kwenye hesabu.

Kisha nikasikia sauti kutoka upande wa pili, ya chini sana.

"Samaki," ikasema, kwa Kiswahili cha kujifunzia kwenye simu, "mwambie mama, kama ana baridi, kuna blanketi chini ya kigoda."

Nilishtuka nusura niangukie majini. Kwetu mkwe akikosa mtu wa kumtumia husemea kitu chochote, kuku, chungu, moto wa jikoni, na mama naye hujibu kupitia hicho hicho. Mimi mwenyewe nilimsikia baba yangu akimwomba maji bibi yangu kwa kuongea na mbuzi. Nani alimfundisha huyu? Bila shaka binti yangu. Lakini kufundishwa ni jambo moja, na kukaa gizani ukaongea na mti kwa uso mkavu ni jambo lingine.

Nikavumilia, kisha nikashindwa. "Samaki," nikasema, "mwambie huyo kwamba blanketi nimeliona."

"Samaki, mwambie mama asante."

"Samaki, mwambie asante ya nini, blanketi ni lake."

Nikasikia anacheka kwa pua. Na mimi nilicheka, nikajifunika mdomo. Nilijikasirikia. Sikuja kucheka.

Tukakaa. Jiko la gesi lililia upande wake, sauti nyembamba. Upande wangu baridi kidogo ilipenya kwenye ufa wa mlango, ikinipiga mgongoni, na nililaani ufa ule. Kichwa kilianza kuniuma. Nilisema ni njaa, au ni giza, au ni haya. Macho yakawa mazito. Samaki wa mti alizunguka, akazunguka, kisha nikaona anazunguka polepole zaidi.

Ndipo akaja paiki mwenyewe, yule samaki mkubwa tuliyekuwa tunamngoja. Hakutokea popote, alikuwepo tu, kama mtu unayemkuta amesimama nyuma yako. Mrefu kuliko mkono wangu, mdomo wa bata, madoa ubavuni, ametulia juu ya yale maharage meupe. Anamtazama samaki wa mti. Haya, nikasema moyoni, sasa tuone hiyo kazi. Sasa mkuki.

Mkuki haukusogea.

Samaki wa mti alikuwa amesimama, amening'inia pua chini. Paiki alisogea karibu, akafungua na kufunga mdomo. Alikaa hapo, ubavu wote wazi, kama anayesubiri kuhudumiwa dukani. Nilisubiri. Nilijua sipaswi kunong'ona. Nikasogeza macho kwenye ncha ya mkuki, imeegemea pale pale. Kisha nikasikia, kutoka upande wa pili, pumzi nzito ya mtu aliyelala.

Nisifiche, nilifurahi. Furaha ilinijia pamoja na hasira. Analala! Nimetumwa na ukoo kuja kumwona akifanya kazi, na chakula kimekuja chenyewe miguuni pake, na yeye anakoroma. Hii sasa si sababu ya kutafuta, hii ni sababu ya kupewa. Nilianza kupanga maneno nitakayomwambia shemeji jioni. Paiki akageuka, akapiga mkia mara moja, akaenda zake.

Kisha kile kijiti cha uzi kikadondoka majini. Kikaelea mbele yangu kikizunguka, na samaki wa mti akazama mpaka chini akalala ubavu juu ya maharage.

"Samaki," nikasema, kwa sauti kali, "mwambie huyo aamke."

Kimya.

"Kijana."

Kimya, na ile pumzi, ambayo sasa haikuwa ya usingizi. Ilikuwa inakwaruza. Nimefanya kazi kwenye nyumba ya wazee kwa miaka, najua usingizi unavyolia na najua kitu kingine kinavyolia. Niliinuka na miguu haikuwa yangu, ilikuwa laini kama ya ulevi, na hapo ndipo nikaelewa kwamba na mimi kuna kitu kimenipata.

Nilikishika kitenge. Nataka niseme ukweli wote hapa: mkono wangu ulisita. Mtu anakufa upande wa pili na mkono wangu ulisita kwa sababu ya pazia. Kisha nikalivuta, likachanika kutoka kwenye msumari mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani nikauona uso wa mkwe wangu kwa karibu. Ulikuwa umeegemea ukuta mweusi, mashavu mekundu kuliko yanavyopaswa kuwa, mdomo wazi.

Nilimwingiza mikono makwapani. Alikuwa mzito, na buti zake zilikuwa ukingoni mwa tundu, na nilichoogopa zaidi ni kwamba atateleza aingie majini niende naye. Nilisukuma mlango kwa mgongo. Haukufunguka. Nikausukuma tena kwa nguvu zote za mwanamke aliyebeba maji maisha yake yote, ndoano ikang'oka, tukaangukia nje kwenye theluji, mimi chini, yeye juu yangu. Kilemba changu kilibaki ndani. Niko kichwa wazi mbele ya mkwe, nimemkumbatia, mchana kweupe, mbele ya Wazungu na mbwa wao.

Nilimgeuza. Nikaweka kichwa chake mapajani kwangu, nikamfungua zipu ya koti, nikampiga makofi. Nilimpiga vibaya. Nilimwita mjinga, nikamwita baba, nikamwita mtoto wangu, sijui niliita nini. Alivuta hewa kama anayeinuka kutoka vilindini, akatapika kwenye sketi yangu, akafungua macho.

Aliniona. Macho yake yalinitambua, nikaona yanaanza kufikiri. Kisha akanyanyua mkono, ule mkono haukuwa na nguvu hata ya kushika kijiko, akajifunika uso.

"Samahani, mama," akasema chini ya kiganja.

Nikalia. Sijalia vile tangu kambini. Nilijaribu kuutoa ule mkono usoni pake na yeye akaukaza, na tukabaki hivyo, mimi navuta, yeye anajificha, mpaka binti yangu alipoinua macho kutoka kwenye simu yake kule garini akatuona. Alikuja mbio. Hakuuliza neno. Aliita 911 huku anapiga magoti.

Wazimamoto walifika upesi kuliko nilivyodhani watu wanaweza kufika katikati ya ziwa. Walimvika kijana oksijeni, na mimi wakanivika. Mmoja aliingia kibandani na kidude mkononi, kidude kikaanza kulia mara moja, akatoka. Alipoingia tena baada ya mlango kukaa wazi, alirudi na kitenge changu amekishika kwa vidole viwili. Akamwambia binti yangu kitu, akionyesha juu, karibu na paa.

"Anasema nini?"

Binti yangu hakutaka kunitazama. "Anasema hii nguo iliziba tundu la hewa. Jiko la gesi likiwaka lazima hewa ipite. Hewa ya juu ilizibwa, mama, na chini kuna theluji. Wewe ulikuwa karibu na mlango, ulipata kidogo. Yeye hakupata."

Nilitazama yale maua ya manjano mkononi mwa mtu yule na nikaona kazi yangu ya asubuhi. Tundu nililoliona la uzembe lilikuwa ndilo la uhai. Ufa niliokuwa nikiulaani ndio ulioniacha hai. Na pazia lile, ambalo lilikuwa heshima yangu yote, ndilo lililonizuia nisiuone uso wake ukibadilika. Nimekaa pale nikihesabu makosa yake wakati anakufa kwa mkono wangu.

Hospitali, walisema atapona. Walimweka kwenye chumba cha oksijeni, walitaka akae mpaka kesho wamwangalie moyo. Mimi walinipima wakaniachia. Nilikaa koridoni, nimejifunika kichwa kwa taulo niliyopewa na muuguzi. Sikuweza kuingia chumbani kwake. Haikuwa desturi tena iliyonizuia, ilikuwa aibu.

Binti yangu alitoka, akakaa karibu yangu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mama, nimemwuliza kama alijua. Alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba umeziba tundu. Aliliona alipogeuka. Alitaka kukisogeza kitenge kidogo tu." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilimfundisha mimi. Nilimwambia nguo ya mama mkwe haiguswi. So akasema, haitachukua muda mrefu, acha tu."

Nilitaka nimrudie yule kijana nimpige makofi mengine. Mjinga, mjinga kabisa. Heshima gani hiyo ya kufa nayo? Hata baba zangu waliozaliwa ndani ya desturi ile wangekisogeza kitenge na kutoa kuku wa faini kesho yake. Huyu aliyejifunza wiki iliyopita alikuwa tayari kufa. Nilikuwa na hasira na yeye, na binti yangu, na mimi mwenyewe zaidi ya wote, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kinaniuma kifuani ambacho nilikijua, nilikuwa nacho kwa watoto wangu walipokuwa wagonjwa.

Nikampigia shemeji. Kwake ilikuwa tayari usiku, nikasikia anakohoa akitafuta taa. Nikamweleza yote tangu mwanzo, bila kuruka kitu, hata usingizi niliofurahia. Alisikiliza. Kisha akaanza kuuliza, taratibu, kama anavyouliza kesi.

"Ulimushika?"

"Nilimushika."

"Na kichwa wazi?"

"Kichwa wazi. Nilimulaza hapa, kwenye mapaja."

"Akakutapikia."

"Akanitapikia, shemeji."

Alivuta pumzi ndefu. "Iko mbaya, mke wetu. Mimi sikulaumu, uliokoa mutu. Mais mutu uliyemulaza kwenye mapaja na kichwa wazi, huyo si mukwe tena. Ni mutoto wako. Na mutoto wako hawezi kuoa binti yako. Hiyo ndoa imekufa."

Nilishusha simu nikaitazama. Hii hapa ndiyo non niliyoitaka. Imekuja yenyewe, safi, na hata si mimi niliyeisema, na hakuna atakayenilaumu. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amesikia, simu za siku hizi zinapiga kelele. Hakulia wala hakubisha. Alinyoosha mkono akanirekebishia taulo kichwani, kama alivyoniahidi kwamba atanitii.

Nikarudisha simu sikioni.

"Shemeji. Unasema huyu kijana ni mutoto wangu?"

"Ni mutoto wako."

"Umesema weye, mukubwa wa ukoo."

"Nimesema."

"Na huyu binti ni wa nani?"

"Maswali gani hayo? Ni wetu. Mutoto ni wa ukoo wa baba yake."

"D'accord, sawa," nikasema. "Basi mimi niko na kijana. Na nyinyi muko na binti. Shemeji, nimefika mulangoni kwenu, nabisha hodi. Nimekuja kuposa."

Upande wa pili pakawa kimya kabisa. Nikamsikia mke wake anauliza kwa sauti ya usingizi ni nani amekufa, na yeye akamwambia anyamaze. Binti yangu alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Nilidhani simu imekatika. Nilidhani nimemtukana mkubwa wa mume wangu na sasa ukoo wote utanitenga, na nilijua kwamba hata hivyo sitayarudisha maneno yale.

"Hodi hiyo," shemeji akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya kupokea wageni, "haijibiwi mugeni akiwa amesimama. Kaa chini kwanza, mama ya kijana."

Nilikuwa nimeinuka bila kujua. Nikakaa.